Fuata Jina, Usifuate Picha: Namna ya Kuwapata Wachoraji, Wasanii na Wabunifu Usiowajua Bado

Ukiulizwa umeona kazi gani mpya za sanaa wiki hii, huenda ukakumbuka picha kumi na usikumbuke jina hata moja. Picha iliyopita kwenye simu bila jina ni njia iliyozibwa: huwezi kujua aliyeichora amefanya nini kingine, amesoma wapi, nani alimchapishia, nani anafanya naye kazi. Jina moja lililoandikwa sawasawa linakupa hayo yote, na kila jibu lina majina mengine ndani yake. Kwa hiyo kazi yenyewe hasa si kutazama picha nyingi. Ni kukusanya majina, kisha kuyafuata.

Mlisho wa simu, na matumizi yake machache yenye faida

Mitandao ya kijamii hupima ulichokitazama kwa muda mrefu, ulichokipenda na ulichokihifadhi, kisha hukuletea kinachofanana nacho. Mfululizo huo unaoushusha kwa kidole ndio mlisho. Ukisimama leo kwenye uso mmoja uliochorwa kwa rangi bapa, kesho utaletewa nyuso arobaini za namna hiyo, na nyingi zitakuwa za watu wanaomwiga mtu mmoja ambaye hata hukuonyeshwa. Usilaumu jicho lako. Mtambo ndio umetengenezwa hivyo.

Instagram bado ina faida ukiitumia kama kitabu cha anwani. Tangu 2022 inawezekana kuchagua mlisho wa watu unaowafuata tu, kwa mpangilio wa muda. Hutokea ukigusa nembo ya programu iliyo juu ya ukurasa wa mwanzo. Zaidi ya hapo, ukimpata msanii anayekuvutia, usiishie kwenye picha zake. Fungua orodha ya watu anaowafuata yeye. Kama anawafuata watu 300 au 400, orodha hiyo ni dhahabu, kwa sababu amewachagua mmoja mmoja. Kama anawafuata 5,000, iache. Kisha fungua sehemu ya picha ambazo wengine wamemtaja: humo utakuta picha za maonyesho ya pamoja, meza za masoko ya vitabu, jalada lililopigwa picha na mchapishaji. Katika picha hizo watu wengine huwa wametajwa pia.

Majukwaa mengine yana tabia zake. Behance, iliyonunuliwa na Adobe mwaka 2012, ina vichujio vya fani, mahali na programu iliyotumika. Badilisha mpangilio uonyeshe kazi za karibuni, la sivyo utaonyeshwa zilizokwisha kupata sifa. ArtStation imejaa wachoraji wa michezo ya kompyuta na filamu, hivyo usiitafutie vitabu vya watoto. Dribbble ni ya wabunifu, lakini kazi nyingi humo ni za kujionyesha, hazikuwahi kutengenezwa wala kutumika. Soma maelezo kabla ya kuamini kwamba ile nembo ni ya kampuni kweli. Are.na ndiyo yenye manufaa makubwa kwa mtafutaji mvumilivu: kila picha huonyesha imehifadhiwa katika mikusanyo ipi ya watu wengine, na ukiingia katika mkusanyo wa mtu mwenye jicho zuri unaweza kushinda humo mchana kutwa. Pinterest nzuri kwa hamu, mbaya kwa majina. Viungo vyake vingi vimekufa, na maelezo chini ya picha mara nyingi yameandikwa na mtu ambaye naye aliiokota tu.

Majina yaliyochapishwa

Chanzo bora kuliko vyote ni kitu kilichochapishwa, kwa sababu mtu alilipwa kukifanya na mtu mwingine akaandika jina lake. Tatizo ni kwamba jina hilo hufichwa.

Kwenye kitabu, geuza ukurasa wa kwanza utafute ukurasa wa haki miliki, ule wenye ISBN na mwaka wa kuchapishwa. Hapo huandikwa nani alichora picha za ndani, nani alibuni jalada, na mara nyingine nani alipanga kurasa. Usipoliona hapo, tazama sehemu ya jalada la nje iliyokunjwa kuingia ndani, upande wa nyuma, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Mchoraji wa jalada na mbunifu wa jalada mara nyingi ni watu wawili tofauti. Andika wote wawili. Vitabu vya Japani huweka taarifa hizo mwishoni, na humo 装画 ni mchoro wa jalada, 装丁 ni ubunifu wa jalada. Huhitaji kusoma Kijapani kuzitambua alama hizo nne, na simu itakutafsiria jina linalofuata. Kwa kitabu usichokuwa nacho mkononi, fungua sampuli ya bure ya toleo la kielektroniki. Mara nyingi ukurasa wa haki miliki huwa ndani ya sampuli, ingawa wachapishaji wengine huuhamishia mwisho wa kitabu na hapo sampuli haitakufaa.

Kwenye jarida, jina la mchoraji huwa pembeni ya picha, wakati mwingine limesimama wima karibu na mshono wa kurasa. Kwenye tovuti ya gazeti lipo chini ya picha ya juu kabisa. Kurasa za maoni ndizo za kufuatilia: habari za kawaida hutumia picha za kamera, lakini maoni hayana tukio la kupiga picha, kwa hiyo wahariri huagiza mchoro, na mara nyingi hutaka uwe tayari ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo sababu utakuta hapo wachoraji wenye wazo kali na mkono mwepesi.

Baada ya mchoraji, mtafute aliyemwajiri. Jarida au nyumba ya uchapishaji huwa na mkurugenzi wa sanaa, na jina lake limo katika orodha ya wafanyakazi kwenye kurasa za mwanzo. Mkurugenzi mmoja wa jarida la kila wiki huagiza kazi kwa makumi ya wachoraji kwa mwaka, na wakurugenzi wengi huonyesha kazi walizoagiza wakimtaja kila mchoraji. Kumfuata mtu kama huyo ni sawa na kufuata watu hamsini, tena waliokwisha kuchujwa.

Wachapishaji pia hutoa katalogi za msimu, aghalabu katika faili la PDF na bila malipo. Katalogi ya mchapishaji wa vitabu vya picha ina jina la mchoraji kwa kila kitabu, pamoja na kurasa mbili tatu za ndani, miezi kadhaa kabla ya kitabu kufika dukani. Kwenye Google andika jina la mchapishaji, neno la katalogi kwa lugha yake, kisha filetype:pdf. Ukiongeza after:2024-01-01, au tarehe yoyote unayotaka, yale ya zamani yatapungua.

Orodha ndefu, wala si washindi

Wengi hutazama nani ameshinda. Mshindi atakufikia hata ukilala; magazeti yatamwandika. Unayemtaka wewe ni yule wa 43 kwenye orodha.

Maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia, yalianza 1964, na tangu 1967 yana maonyesho ya wachoraji ambamo mtu hutuma picha 5 na majaji huchagua. Majina ya waliochaguliwa hutangazwa kila mwaka pamoja na nchi zao. Bratislava, Slovakia, ina maonyesho ya vielelezo vya vitabu vya watoto tangu 1967, kila baada ya miaka miwili, kwa kawaida katika miaka witiri. Tuzo yake kuu ni moja, kisha kuna Matufaha ya Dhahabu 5 na nishani 5, lakini washiriki ni wengi mno kuliko tuzo hizo. Tuzo ya Hans Christian Andersen, nayo ya vitabu vya watoto, imekuwa na kitengo cha wachoraji tangu 1966. Kwa orodha ndefu kabisa, fungua ile ya tuzo ya Astrid Lindgren ya fasihi ya watoto, iliyoanzishwa na Sweden mwaka 2002: kila Oktoba hutolewa majina zaidi ya 200 ya waliopendekezwa kutoka nchi nyingi, wakiwemo waandishi na wachoraji pamoja. Chuja wachoraji peke yao na utapata watu ambao nje ya nchi zao hawajulikani kabisa.

Kwa mabango kuna maonyesho ya Warszawa, Poland, yaliyoanza 1966. Kwa hadithi za picha kuna tamasha la Angoulême, Ufaransa, lililoanza 1974. Kwa vielelezo vya magazeti na matangazo kuna maonyesho ya kila mwaka ya Society of Illustrators ya New York, tangu 1959, na World Illustration Awards ya Uingereza. Kwa sanaa za kutazamwa kwa jumla kuna maonyesho ya Venice, Italia, tangu 1895, na documenta ya Kassel, Ujerumani, tangu 1955, lakini kumbuka kwamba msanii akifika huko kwa kawaida amekwisha kufanya kazi miaka mingi. Maonyesho ya Dak'Art ya Dakar, Senegal, na yale ya 1-54, yaliyoanza London mwaka 2013, hukuletea mapema zaidi wasanii wa Afrika na wenye asili ya Afrika.

Namna ya kuila orodha ya majina 80: usifungue yote siku moja. Fungua vichupo 20, kila kimoja tovuti ya mtu mmoja, mpe kila mtu sekunde 30. Swali ni moja tu: je, nataka kuona picha ya pili? Kama ndiyo, acha kichupo wazi. Kama la, funga bila huruma. Wakibaki watano au sita kati ya 20, umefanya vizuri. Wakibaki 15, unachagua kwa uchovu. Pumzika, urudi kesho.

Kuna kasoro ya kuijua. Mashindano mengi hutoza ada kwa kila kazi inayotumwa, kwa hiyo orodha zake huwakosa wasio na fedha au wasiojua lugha ya fomu. Ukitegemea mashindano peke yake, utapata picha iliyopinda ya nani anafanya nini duniani. Masoko ya vitabu vya wasanii na majarida madogo ya kujichapishia huziba pengo hilo kwa kiasi. Soko la aina hiyo huweka kwenye tovuti orodha ya wenye meza, yenye viungo, na orodha hiyo mara nyingi hubaki hata soko likiisha. Printed Matter ya New York, iliyoanzishwa 1976 kwa ajili ya vitabu vya wasanii, huendesha masoko makubwa ya namna hiyo, na katalogi yake ya mtandaoni ni shule tosha.

Maonyesho ya wahitimu wa vyuo hukuletea majina mapema kuliko yote. Katika nchi nyingi za kaskazini hufanyika kati ya Mei na Julai. Wahitimu wa Design Academy Eindhoven, Uholanzi, huonyesha Oktoba wakati wa wiki ya ubunifu ya mji huo. Tovuti za maonyesho haya hufutwa haraka, mara nyingine kabla ya mwaka kwisha, hivyo nakili majina siku hiyohiyo. Tovuti ikiwa imeshaondoka, bandika anwani yake katika Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani, uchague mwaka. Picha zinaweza kukosekana, majina kwa kawaida hubaki. Kwa mhitimu, weka kumbukumbu ya kurudi baada ya miezi 12. Wengi wao watakuwa wameacha au wamebadilika, na wanaobadilika ndio wa kutazama.

Ukienda kwenye maonyesho kwa miguu yako, piga picha ya kazi kisha papo hapo piga ya kibandiko chake ukutani, kwa mpangilio huohuo kila mara. Ukichanganya, ukifika nyumbani utakuwa na picha 60 na vibandiko 40 visivyojua mwenzake ni nani. Kwenye kibandiko soma mstari wa mwisho, unaosema kazi imetolewa kwa hisani ya nani. Hiyo ni nyumba ya sanaa inayomwakilisha msanii. Fungua tovuti yake, ruka maonyesho ya mtu mmoja, nenda kwenye maonyesho ya pamoja: hapo ndipo nyumba za sanaa huwajaribu wasanii wapya kabla ya kuwapa ukuta mzima.

Wabunifu hujificha nyuma ya studio

Mchoraji hutia saini. Mbunifu wa michoro, mara nyingi, hana saini. Kazi hubeba jina la studio au la mteja. Njia moja nzuri ya kumfikia ni kupitia fonti, yaani mtindo wa herufi uliotumika.

Chukua kitu kilichobuniwa vizuri, tuseme ripoti ya PDF. Ifungue katika Acrobat, nenda kwenye sifa za hati, sehemu ya fonti: majina yote yamo. Kama ni bango au picha, ikate ibaki na neno moja lenye herufi zinazotofautiana sana (g, a, R na Q husaidia kuliko l na i), inyooshe, kisha ipakie katika WhatTheFont, chombo cha mtandaoni cha kutambua fonti. Herufi zikigusana, chombo hukosea, zitenganishe kwanza. Ukilipata jina la fonti, itafute kwenye tovuti ya Fonts In Use, inayokusanya mifano ya fonti zikiwa kazini pamoja na majina ya waliozitumia. Kutoka fonti moja utapata aliyeichora, studio inayoiuza, na wabunifu wengine kumi walioiona inafaa. Studio ndogo za fonti huonyesha kazi za wateja wao kwa fahari, na hao wateja ndio wabunifu unaowatafuta.

Ukurasa wa timu kwenye tovuti ya studio nao usiupite. Andika jina la mbunifu wa ngazi ya chini, utafute tovuti yake binafsi. Huko huweka kazi za pembeni ambazo kwa kawaida zina ujasiri zaidi kuliko za studio.

Picha nzuri, jina hakuna

Hili litakupata kila wiki. Fanya hivi: kata picha uondoe fremu, maneno na alama za programu, ibaki kazi yenyewe. Itafute kwa Google Lens, kisha kwa TinEye. Lens ni hodari wa vinavyofanana, kwa hiyo atakuchanganyia na waigaji. TinEye hutafuta picha ileile, na unaweza kupanga matokeo yaanze na la zamani kabisa. Mpangilio huo ndio wa maana. Anza kufungua la zamani ukija mbele hadi ufike ukurasa unaomtaja mtu. Usipopata kitu, igeuze picha kushoto-kulia ujaribu tena, maana wanaoiba picha huzigeuza ili zisipatikane. Ukikwama kabisa, kuza pembe za chini utafute saini. Hata herufi tatu pamoja na maelezo ya kazi zaweza kutosha.

Matokeo ya zamani pia hukuokoa na aibu ya aina nyingine: bango la miaka ya 1960 linaposambaa kama kazi ya juzi.

Siku hizi kuna swali la ziada, kama kuna mtu kweli. Picha za akili mnemba zimejaa kila jukwaa. Vidole vya ajabu si kipimo tena. Tazama akaunti: je, kuna rasimu, makosa, picha ya meza ya kazi, kazi za miaka mitano nyuma zilizo dhaifu kuliko za leo? Mchoraji wa kweli ana ujana wake mtandaoni. Akaunti iliyoanza ikiwa kamilifu, yenye picha nne zilizokamilika kila siku na hakuna mteja wala mchapishaji anayetajwa, iache. Cara ni jukwaa lililoundwa na wasanii kwa kukataa picha za namna hiyo, na lilipata watu wengi kwa ghafla mwaka 2024. Ni pa kuanzia kwa anayechoka kuchuja.

Badilisha lugha ya kutafutia

Neno unaloandika ndilo linaloamua nchi utakayofika. Andika ilustradora upate wanawake wa Kihispania na Kireno, ilustrador upate wanaume na mchanganyiko. Illustratrice itakupeleka Ufaransa na Italia kwa pamoja. Illustratorin ni Kijerumani. 일러스트 ni Kikorea. Ongeza neno la jambo: jalada, bango, uchapaji wa mbao, kwa lugha hiyohiyo. Dakika tano za kutafsiri maneno matatu huzaa zaidi ya saa nzima ya kutafuta kwa lugha moja uliyoizoea.

Daftari

Bila daftari yote hayo yatamwagika. Lahajedwali ya kawaida yatosha, yenye safu sita: jina kama mwenyewe anavyoliandika (pamoja na alama zake, la sivyo hutalipata tena), tovuti yake binafsi, ulimpata wapi, tarehe, sentensi moja, na tarehe ya kurudi. Safu ya "ulimpata wapi" inaonekana ya ziada, lakini baada ya miezi mitatu ndiyo itakayokuambia chanzo kipi kinakulisha na kipi kinakupotezea muda. Sentensi moja iwe juu ya kitu unachokiona: "hupaka kivuli kwa nukta za rangi ya chungwa, watu hawana midomo." Usiandike "nzuri sana". Ukishindwa kuandika sentensi, bado hujamtazama.

Weka tovuti kabla ya akaunti ya mtandao wa kijamii. Akaunti hufungwa, hubadilishwa majina, huibwa. Kama msanii ana blogu, ifuate kwa programu ya kusomea milisho kama Feedly au Inoreader: kwa tovuti nyingi za WordPress na Substack ongeza /feed mwishoni mwa anwani, kwa Tumblr ongeza /rss. Kama ana barua pepe za kila mwezi, jiandikishe kwa anwani ya pembeni ili zisizame kati ya bili na matangazo.

Tenga vipindi viwili kwa wiki, cha dakika 45 kila kimoja. Kimoja cha kutafuta majina mapya, kingine cha kurudi kwa wale ambao tarehe yao imefika. Hicho cha pili ndicho wengi hukiacha, na ndicho chenye faida kubwa: mtu uliyemwona siku 30 zilizopita na bado anakusimamisha, huyo mhamishie kwenye karatasi ya pili. Karatasi ya kwanza inaweza kufika majina 500. Ya pili ikizidi 60, punguza.

Baada ya muda utaanza kukutana na majina yaleyale kila mlango. Jaribu kuhesabu: katika majina 10 yaliyoletwa na chanzo kimoja, ukikuta saba tayari yamo kwenye daftari, chanzo hicho kipumzishe kwa miezi sita. Panga daftari kwa safu ya "ulimpata wapi", tazama ni aina gani ya mlango haimo kabisa, iwe kitabu cha lugha fulani, fonti, wahitimu au mabango, na kipindi kinachofuata kianzie hapo.